Ofisi Isifuate Kura: Barua ya Wazi kwa Tume ya Mipaka kutoka Lamu Mashariki

Kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Nairobi. Nakala kwa Waheshimiwa wa Bunge la Taifa na Seneti.

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na kwa msiotumia salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni nahodha. Niseme nilikuwa nahodha, maana macho yamechoka na usukani ameushika mwanangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimepakia watu na mizigo baina ya kisiwa cha Pate na Amu, yaani mji wa Lamu, na kila uchaguzi nimepakia na vitu vyenu: masanduku ya kura, taa, makarani, na askari wa kuyalinda masanduku. Kwa hivyo hatujuani kwa majina, lakini tumefanya kazi pamoja.

Uchaguzi mmoja nilimpakia ofisa kijana kutoka bara. Alikuwa na saa kubwa mkononi, na kila dakika chache aliitazama. Tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko unaopita baina ya kisiwa cha Manda na bara, maji yalikuwa yamekupwa. Nikazima injini.

"Nahodha, mbona tumesimama?"

"Twangoja maji."

Akaangalia huku na huku. "Maji si haya?"

Abiria wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye hakuwa na kosa. Pale palikuwa na maji ya kumtosha kaa na korongo. Boti yenye watu kumi na wawili na masanduku ingekwama kwenye matope mpaka jua litue. Njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, kwenye bahari kuu, na kusi ilikuwa inavuma. Tukangoja saa tatu. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kuchelewa. Hadi leo natamani kujua aliandika nini.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu zamu yenu ya kuchora mipaka inakuja, na chombo mtakachochorea ni sensa. Sensa inajua watu wangapi wanaishi wapi. Haijui kwamba Mkanda hukauka.

Naijua sheria kidogo. Nimeisoma Katiba kwa miwani ya kukopa, kifungu cha 89, na mjukuu wangu wa kidato cha tatu amenisaidia kugawanya. Katiba imefunga idadi ya maeneo bunge: 290, hayazidi wala hayapungui. Mnachukua watu wote wa nchi mnawagawanya kwa 290, na jawabu ndilo kipimo cha eneo bunge moja. Mnaruhusiwa kuzidisha au kupunguza kwa asilimia 40 kwenye miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwengineko. Kazi hiyo ifanywe kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi kumi na miwili. Mara ya mwisho ilikamilika Machi 2012. Muda wa miaka kumi na miwili ulipotimia, Machi 2024, Tume haikuwa na kamishna hata mmoja, na nyinyi mliapishwa Julai 2025. Kuchelewa huko hakukuwa kwenu, wala sitawalaumu kwa maji yaliyokupwa kabla hamjapanda chomboni. Tena kuna suala la sensa yenyewe, ya 2019: Januari 2025 Mahakama Kuu kule Garissa ilibatilisha matokeo yake katika sehemu za kaunti za Mandera, Wajir na Garissa. Na Katiba inasema mipaka mipya ikikamilika chini ya miezi kumi na miwili kabla ya uchaguzi, haitumiki katika uchaguzi huo. Mna haraka na mna vizuizi. Naelewa hali hiyo, nimeishi nayo.

Sasa hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata kama 164,000. Lamu Mashariki, yaani visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu, ufuo wote wa Kiunga hadi mpaka wa Somalia, na vijiji vya msitu wa Boni, ilihesabiwa watu 22,258. Hiyo ni chini ya asilimia 14 ya kipimo. Hata mkitupa ile asilimia 40 yote ya huruma, eneo bunge linatakiwa lisipungue watu 98,000 na ushei. Sisi hatufiki robo ya hapo.

Mjukuu aliponionyesha jawabu nilimwambia akosoe upya. Akakosoa. Likawa lile lile.

Tukaendelea. Kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920, wachache kuliko kaunti yoyote katika 47. Hata mkiigawa sawasawa katikati, kila upande utapata chini ya watu 72,000, na bado ni pungufu ya kiwango cha chini. Maana yake, kwa sheria ilivyo, Lamu yote ni eneo bunge moja, tena moja lisilojaa. Mwaka 2012 tuliokolewa na sharti la mpito lililosema kwamba ukaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya usiondoe eneo bunge lililokuwepo. Sharti hilo lilikuwa la mara moja. Limekwisha kazi.

Wanasiasa wetu hawapendi kulisema hili hadharani. Wanasema "tutapigana", "hatutakubali", na watu wanapiga makofi. Mimi nimesoma mstari kwa mstari na sijaona pa kupigania, kwa hivyo nasema, na najua barazani kuna watakaoninunia.

Na niseme na la upande wa pili, kwa sababu haki haina upande. Ruiru, kule Kiambu, sensa hiyo hiyo iliwahesabu watu 371,111, na wao pia wana mbunge mmoja. Wakaazi kumi na sita wa Ruiru wakijikusanya, hawafikii uzito wa mmoja wetu Bungeni. Mama anayeamka saa tisa usiku Ruiru kukamata matatu ana haki ya kuuliza: huyu mvuvi wa Kizingitini amenizidi nini? Sina jawabu la kumpa la kumridhisha. Ningekuwa Ruiru ningeandika barua hii hii kwa upande mwingine.

Kwa hivyo siwaandikii kulilia kiti. Kiti ni cha mtu mmoja, na kwa miaka mitano yuko Nairobi. Nawaandikia juu ya kinachofungwa nyuma ya kiti, kama mashua ndogo inayovutwa na jahazi. Jahazi likizama na kamba haijakatwa, mashua inakwenda nalo.

Kamba yenyewe ni hii. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 48, inasema huduma za kaunti zishushwe hadi kaunti ndogo, na kaunti ndogo ziwe sawa na maeneo bunge yaliyo ndani ya kaunti. Someni tena: sawa na maeneo bunge. Tuna kaunti ndogo ya Lamu Mashariki, yenye msimamizi wake na ofisi zake, kwa sababu tuna eneo bunge la Lamu Mashariki. Siku mtakapochora mstari mmoja kuizunguka Lamu yote, kaunti ndogo ya Mashariki haina tena mguu wa kusimamia. Hakuna atakayekuja kuifunga kwa kufuli. Itapungua bajeti mwaka huu, afisa wa kilimo atahamishwa mwaka ujao asiletwe mwingine, hospitali ya Faza itabaki na jina la kaunti ndogo ambayo haipo, na katika mwaka wa tatu mtu wa Kiunga ataambiwa: hilo nenda Amu.

Mnajua "nenda Amu" ni nini kwa mtu wa Kiunga?

Kipindi cha kaskazi, bahari ikiwa shwari, ni safari ya kutwa ukihesabu na kungoja. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ni safari ya kumuaga mkeo vizuri. Kwa nchi kavu ni barabara ya Hindi hadi Kiunga kupitia msituni, na tangu mashambulizi ya al-Shabaab yaanze, barabara hiyo imeua askari na raia kwa mabomu ya kutegwa. Nauli ya boti haipangwi na mtu yeyote isipokuwa bei ya petroli na idadi ya abiria. Mkiwa watatu, mnalipa ya kumi.

Niliwahi kumpakia mzee mmoja wa Kiunga aliyekwenda Amu kutia saini karatasi moja katika ofisi moja ya serikali, nisiyoitaja. Alifika, akaambiwa mwenye muhuri yuko mkutanoni Mombasa, aje Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Alilala msikitini usiku nne, kwa sababu kurudi na kuja tena kungemgharimu zaidi ya kile alichokuja kukiombea. Jumatatu muhuri ulikuja. Njiani kurudi hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa amezoea.

Karani wa mipaka akiwa mbele ya ramani, Kiunga na Amu ziko karibu, kama upana wa kiganja. Katiba yenyewe imewapa ruhusa ya kutazama zaidi ya kiganja: inataja maumbile ya nchi, mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Lakini mambo yote hayo yamefungiwa ndani ya ile asilimia 40. Huwezi kumwambia bahari ijipunguze mpaka asilimia 40.

Na hayo mafungamano ya kihistoria nayo mtayaangaliaje, sijui. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Amu na watu wa Pate walikutana ufuoni Shela wakapigana vita ambavyo mabibi zetu walikuwa bado wakivisimulia. Pate ilikuwa na sultani wake, Siyu na mtawala wake, na kule Witu, ambako leo ni Lamu Magharibi, kulikuwa na sultani mwingine aliyejiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani mpaka 1890. Sasa tunaoana na tunauziana samaki, alhamdulillahi. Simwambii mtu kwamba vita vya Shela vitarudi kwa sababu ya mbunge. Nasema tu kwamba atakayeandika kwenye ripoti "jamii moja yenye maslahi yanayofanana" aandike kwa penseli.

Maslahi hayafanani. Lamu Magharibi ina Amu mjini, ina Mpeketoni na mashamba yake, ina Hindi, na ina bandari mpya ya Magogoni iliyofungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Ilihesabiwa watu 121,662. Sisi 22,258. Mkituunganisha, katika kila watu sita au saba mmoja ndiye wa kwetu. Mgombea mwenye akili ataanza Mpeketoni, atakwenda Amu, atapita Witu, na sisi atatufikia akibakiwa na petroli. Simlaumu, ningegombea ningefanya hivyo hivyo.

Tena tazameni kichekesho chenyewe. Lamu ikiwa eneo bunge moja, tutakuwa na gavana anayechaguliwa na kaunti nzima, seneta anayechaguliwa na kaunti nzima, mwakilishi wa kike anayechaguliwa na kaunti nzima, na mbunge anayechaguliwa na kaunti nzima. Viongozi wanne, mpaka mmoja, wapiga kura wale wale. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa wa kwetu kwa lazima. Seneti ilikusudiwa kuwalinda wadogo, na kweli seneta wa Lamu ana kura sawa na wa Nairobi yenye watu zaidi ya milioni nne. Lakini seneta anailinda Lamu mbele ya Nairobi. Nani ataulinda ufuo wa Kiunga mbele ya Lamu?

Mtasema: MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Haya, twende kwenye wadi, na hapa ndipo nilipomwambia mjukuu afunge daftari kwanza tunywe chai.

Wadi nazo zina kipimo. Nchi ina wadi 1,450. Mkigawanya watu wa 2019 mnapata kama 32,800 kwa wadi. Lamu Mashariki leo ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Zote tatu kwa pamoja hazifikii kipimo cha wadi moja. Eneo bunge zima, waheshimiwa, halijazi wadi. Kwa hesabu kavu, kazi ya mbunge mmoja na MCA watatu itaachiwa MCA mmoja, ambaye atahudumia Kizingitini, Siyu, Pate, Ndau, Kiwayu, Mkokoni, Kiunga, Ishakani, kisha ashuke chomboni aingie msituni hadi Mangai na Milimani. Akiwa mkweli atakata tamaa mwaka wa kwanza. Asiyekuwa mkweli atafaulu sana, kwa sababu hakuna atakayejua hakufika.

Wadi ya Basuba ni ya Waboni. Wao ni wachache kuliko wachache. Bila wadi yao hakuna njia nyingine yoyote ya kura inayoweza kumleta Mboni katika bunge la kaunti. Watategemea kuteuliwa, na kuteuliwa ni hisani. Nimekaa nao, nimekula asali yao, na sijasikia hata mara moja wakialikwa kwenye mkutano ambao haukufanyika mahali ambapo wao hawawezi kufika.

Tena sensa ile. Usiku wake ulikuwa wa kuamkia 25 Agosti 2019. Wavuvi walio dago, yaani kambini kwao, walihesabiwa walikolala, kama sheria isemavyo, na hilo ni sawa. Lakini baadhi ya vijiji vya mpakani vilikuwa vimehamwa kwa ukosefu wa usalama, na watu wake walikuwa wamejibanza kwa jamaa huku na kule. Nyumba zao zilihesabiwa sifuri. Sidai kwamba tungefika 98,000. Hatungefika hata elfu arubaini. Nasema tu kwamba mtu aliyefukuzwa na bunduki asihesabiwe kwamba aliacha kwao kwa hiari.

Wengine wamelitatuaje? Waingereza, ambao ndio waliotufundisha mambo ya Bunge, walipitisha sheria mwaka 2011 inayotaka kila eneo bunge lao lisizidi wala kupungua kipimo kwa zaidi ya asilimia 5. Asilimia 5 tu! Wakali kuliko sisi. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo wakaandika kwa majina visiwa ambavyo havitaguswa na hesabu. Kimojawapo ni eneo la visiwa vya magharibi ya Scotland, Na h-Eileanan an Iar, lenye wapiga kura takriban 21,000, huku kipimo chao kikiwa zaidi ya 73,000. Wamekaa pale na mbunge wao, na sijasikia London ikiporomoka. Walikiri kwamba bahari ni kitu.

Karibu zaidi, majirani zetu. Tanzania Bara, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu karibu milioni 60, na sasa ina majimbo 222. Zanzibar yenye watu 1,889,773 ina majimbo 50. Jimbo la Zanzibar lina wastani wa watu wasiofika 38,000 na la Bara karibu 270,000. Wako Watanzania wanaolalamika, na ukiangalia hesabu huwezi kuwaambia wamekosea. Ila kule tofauti hiyo ilitokana na makubaliano ya Muungano, na kila mtu anajua imewekwa kwa nini. Kwetu hakuna makubaliano ya namna hiyo. Hatukuwahi kukaa kama taifa tukaulizana: kisiwa kina uzito gani? Katiba ya 2010 ni nzuri mno kwa mambo mengi, lakini aliyeandika kifungu cha 89 alikuwa anaifikiria ardhi. Hata sehemu kame za kaskazini zimekumbukwa kwa maneno "yenye watu wachache". Bahari haikutajwa.

Jaribio la kuongeza maeneo bunge 70 kupitia BBI, ule mpango wa kubadili Katiba, liliangushwa na Mahakama ya Juu Machi 2022, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa juu ya maeneo hayo. Ilikuwa haki. Kwa hivyo sina hamu ya kuomba kiti kwa mlango wa nyuma.

Ninaloliomba kwanza haliko mikononi mwenu, liko mikononi mwa Bunge, na ndiyo maana nimewapa nakala. Kateni ile kamba. Kifungu cha 48 kibadilishwe, ili kaunti ndogo ya huduma isimame kwa miguu yake, ipimwe kwa muda anaotumia mwananchi kufika ofisini na kurudi kwake siku hiyo hiyo, si kwa idadi ya wapiga kura. Haihitaji kura ya maoni wala kubadili Katiba. Na haitakuwa jambo geni: serikali ya taifa, kupitia wizara ya usalama wa ndani, huunda kaunti ndogo zake za utawala bila kufuata maeneo bunge. Kama naibu kamishna wa kaunti anaweza kuwa na mpaka usiofuata kura, daktari wa mifugo na afisa wa uvuvi pia wanaweza. Msajili wa vizazi na vifo akikaa Faza siku mbili kwa mwezi, mimi sitauliza mbunge ni nani.

Bunge likiwa na moyo zaidi, liandike na kinga ya visiwa kama walivyofanya Waingereza. Hilo najua ni kubadili Katiba, na kubadili Katiba ni safari ya kusi. Siitarajii karibuni.

Kwenu nyinyi Tume nina mambo machache. Mkiona lazima Lamu Mashariki iwe wadi moja, basi iacheni ilivyo, msitujazie. Mjukuu amehesabu: asilimia 40 chini ya kipimo cha wadi ni kama watu 19,700, na sisi ni 22,258. Tunapita. Hamna haja ya kuchukua kipande cha Manda au cha Amu mjini ili kutunenepesha, maana hicho kipande ndicho kitakachochagua. Na kama mnaona kuna mwanya wowote wa kisheria wa kuitenga Basuba, neno "hatua kwa hatua" limo katika kifungu hicho hicho cha 89, linawaambia muelekee kwenye usawa hatua kwa hatua. Anzeni hatua hizo mahali ambapo watu wanaweza kutembea.

Msiitishe mkutano mmoja Amu mkaandika kwamba Lamu imesikizwa. Njooni Kizingitini. Njooni Kiunga, na kama usalama hauruhusu Basuba, wapeni Waboni boti na chakula waje Kiunga, kwa sababu kumwambia mtu "njoo utoe maoni" bila nauli ni kumwambia asitoe.

Halafu zile siku 30. Mkichapisha mipaka kwenye Gazeti Rasmi, asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Gazeti Rasmi sijawahi kuliona Kiunga. Tangazeni redioni, kwa Kiswahili cha kueleweka, mkitaja vijiji kwa majina yake, na muwatumie nakala machifu siku hiyo hiyo mliyochapisha.

Mpaka wa Lamu na Garissa sitaugusa. Huo si wenu. Katiba inataka theluthi mbili za Bunge la Taifa na theluthi mbili za kaunti katika Seneti. Nautaja kwa sababu mkija mtaulizwa kuuhusu katika kila kijiji, na ni vizuri mje na jawabu moja.

Mkiamua kuja, nawashauri Novemba. Kaskazi inakuwa imeanza na bahari imetulia. Fikeni Amu jioni, mlale, muondoke alfajiri na bamvua, maji yakiwa makubwa, mtavuka Mkanda bila kusimama. Shukieni Mtangawanda. Kutoka hapo hadi Faza ni pikipiki, na njia yake ina mchanga, kwa hivyo viatu vya ofisini acheni hotelini. Viti vya mkutano tutapanga sisi. Mwanangu ana boti ya watu kumi na wanane na majaketi ya kuokolea ya kutosha, na nimemwambia akiwapakia nyinyi atoze nauli ile ile anayowatoza wengine.

Wenu,
Nahodha mstaafu
Faza, Kisiwa cha Pate